Besi Iliyonuka Sangara

Kama wewe ni wa rika langu na umekulia Igogo, utakubaliana nami kwamba besi, lile gitaa la sauti nzito, tulianza kuijua kwa pua kabla ya masikio. Watoto wa siku hizi wakisikia hivyo wanacheka, wanadhani mama ameanza kuzeeka. Wao besi wameikuta dukani, inang'aa ndani ya mfuko wenye zipu, na karatasi ya maelekezo juu yake. Ya kwetu ilitoka stoo ya mama. Lilikuwa kasha la mbao lililowahi kubeba majani ya chai, kisha likabeba dagaa wakavu kwa miaka mingi, na harufu ya dagaa ilikuwa imeingia ndani ya mbao ikakaa humo kama mwenye nyumba.

Shingo ya besi hiyo ilikuwa kasia lililovunjika. Kaka yangu Daudi, aliyenizidi umri kidogo na kunizidi sana ubishi, aliliokota mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, akalipigilia misumari kwenye kasha mpaka mama akatoka jikoni kuuliza ni nani anajenga nyumba. Nyuzi tulipata kwa wavuvi. Mnaikumbuka migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi za kumnasa sangara? Mgonzo ukikatika mvuvi alitupa kipande, nasi tulikuwa tumesimama tayari. Ule uzi mzito kabisa tuliusokota wenyewe kwa kuikunja nailoni na kuivuta, mmoja akiwa ameushika kwa meno. Ndiyo maana Daudi mpaka leo ana pengo upande wa kushoto, ingawa yeye huwasimulia wanawe kwamba alipigana na majambazi.

Besi yenyewe ilikuwa na tabia zake. Asubuhi, unyevu wa ziwani ukiwa bado hewani, nailoni ililegea na sauti ikashuka chini kabisa. Mchana ikikauka, sauti ilipanda. Hatukuwa na kifaa cha kupimia sauti, wala hatukujua kwamba kipo, kwa hiyo tulikuwa na nyimbo za asubuhi na nyimbo za mchana, na rafiki yangu Neema, mwimbaji wetu, alijifunza kuimba kwa kufuata hali ya hewa. Sasa hivi kijana akiona uzi umelegea kidogo tu anasimamisha wimbo, anatoa simu, simu inamwambia kaza, anakaza, simu inamwambia legeza, analegeza. Wimbo umeshasahaulika.

Tulipiga baada ya shule, tukishamaliza kuchota maji na kuteleza kwa makalio kwenye yale mawe makubwa mpaka kaptula zikatoboka. Mimi nilikaa juu ya jiwe, kasha katikati ya magoti, mikono imelikumbatia. Daudi alipiga kopo la mafuta ya kula. Wapita njia walituvumilia. Mama hakutuvumilia, ila alikuwa na maneno yake ambayo niliyapenda kuliko viboko: "Kabula, msichana anayekumbatia kasha la dagaa namna hiyo ataolewa na paka." Na kweli, paka wa mtaa mzima walikuwa wasikilizaji wetu wa kudumu.

Lakini hapo moyoni mimi sikutaka kasha. Nilitaka besi ya Mjomba Lameki.

Mjomba Lameki alikuwa mdogo wake mama, na alipiga besi ya kweli, ya umeme, kwenye bendi iliyotumbuiza mjini kila mwisho wa wiki. Besi yake ilikuwa nyekundu, na ilikaa chini ya kitanda imefunikwa shuka safi kuliko shuka za kitandani. Hata mkewe alifagia kwa kuizunguka. Nilikuwa nikienda kwake kwa visingizio vya kila aina, mara nimetumwa chumvi, mara nimekuja kusalimia. "Shikamoo mjomba," nasema, macho yananikimbia kuelekea uvunguni. "Marahaba, Kabula. Umekuja kunisalimia mimi au kuisalimia besi?" Kuigusa hakuniruhusu hata siku moja. Alinifundisha kwa maneno tu. Aliniambia besi haisikilizwi kwa masikio, inasikilizwa kwa nyayo, na kwamba mtu anayetaka kuijua lazima avue viatu. Mimi viatu sikuwa navyo, kwa hiyo niliona nusu ya safari nimeshaimaliza.

Sasa, mkubwa yeyote wa kwetu anajua jinsi ngoma zinavyoshindana kule Bujora. Hakuna jaji mwenye karatasi. Makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watu wanakwenda wanakovutwa. Upande uliojaa watu ndio ulioshinda, basi. Ndiyo maana wachezaji wa kule wanakuja na kila mbinu: mwingine anacheza na chatu shingoni, mwingine kaleta fisi, mwingine amejipaka dawa ya mvuto aliyopewa na mganga wake. Sisi watoto wa Igogo tulikuwa tumeiga mtindo huohuo. Wapinzani wetu walikuwa watoto wa mlimani, waliokaa juu kwenye mawe, wakiongozwa na Shija. Shija alikuwa na gitaa la galoni lenye nyuzi za waya wa breki za baiskeli, na kibaya zaidi, alikuwa na kipaza sauti cha betri ambacho baba yake alikitumia kuita watu kwenye mikutano ya mtaa. Kila tuliposhindana alitufagia. Watu walikwenda kwake, nasi tukabaki na paka.

Siku moja Mjomba Lameki alikuja nyumbani kuaga. Bendi yao ilikuwa imepata kazi Bukoba, kazi ya kudumu, na meli ilikuwa inaondoka Jumamosi jioni. Mama alilia kidogo kwa ajili ya mdogo wake. Mimi nililia sana, na sitawadanganya, sikumlilia mjomba. Nilikuwa naiona ile nyekundu ikivuka ziwa, na mimi sijawahi kuigusa hata kwa kidole. Mjomba alinitazama akaelewa. Alinivuta pembeni akaniambia, "Jumamosi mchana si mnashindana na wale wa mlimani? Wavute watu, Kabula. Ukiwavuta, njoo nyumbani kabla sijaenda bandarini. Nitakuwekea besi mikononi, uipige mpaka uchoke."

"Na tukishindwa, mjomba?"

"Mkishindwa, mtanipungia mkono."

Nadhani alikuwa na hakika tutashindwa.

Tatizo letu kubwa lilikuwa kasha. Lilikuwa limeanza kupasuka pembeni, na kila nikivuta ule uzi mzito, mbao zilikwaruzana na sauti ikatoka na kikohozi. Gundi ya dukani tuliisikia tu. Uji wa muhogo tulijaribu, ukabanduka kabla ya wimbo wa pili. Ndipo Daudi akaja na wazo lake. Alikuwa amewasikia wakata samaki wakisema kwamba mabondo, ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa sangara, ukichemshwa unakuwa gundi kali kuliko gundi zote. Mabondo mazima yana wenyewe, hata enzi hizo yalikuwa mali. Lakini vipande vilivyokatika, pamoja na ngozi na mapezi, walitupa bure tena kwa shukrani. Tulijaza sufuria, tukachemsha nyuma ya nyumba mpaka ikawa uji mzito wa kijivu ambao hata sasa nikiufikiria naziba pua.

Nakiri Daudi alisema ukweli. Gundi ilishika. Tuliipaka kwenye nyufa, tukaona inafaa, tukapaka pembe zote, tukaona inafaa zaidi, tukapaka kasha lote na shingo yake mpaka likang'aa. Neema alisema sasa linafanana kabisa na besi ya mjomba, kasoro rangi. Tukaliacha juani likauke. Sauti ilitoka nzito, safi, bila kikohozi. Nililia kwa furaha, au labda macho yaliwasha kwa harufu. Hakuna aliyefikiria kwamba tumekipaka chombo cha muziki supu ya samaki na tunakipeleka kwenye jua la saa nane, nusu kilomita kutoka mwaloni.

Jumamosi uwanja wa mpira ulijaa. Mlimani walikaa golini kwao, sisi golini kwetu, watu katikati. Msimamizi alikuwa Bibi Nkwimba, aliyekuwa akiuza karanga pale mtaani na ambaye ujanani alicheza ngoma hasa, si mchezo. Akapuliza filimbi, tukaanza. Na mara Shija akainua kipaza sauti chake, watu wakaanza kutembea. Walitembea kwenda kwake, taratibu, huku wakicheka. Hata mama, aliyekuja na kapu lake la dagaa eti anapita tu, nilimwona anageuza shingo upande wa mlimani. Nilivuta uzi kwa nguvu zangu zote. Vidole vilikuwa vinawaka. Nilikuwa naiona meli.

Korongo wa kwanza alitua juu ya mwamba wa goli letu.

Mnawajua wale korongo wetu, wakubwa, wenye upara na mfuko shingoni, wanaotembea mwaloni kama wakaguzi wa shule. Yule akainamisha kichwa, akanitazama, akashuka. Nyuma yake akaja mwingine. Kisha wakaja kundi, mabawa yamefunika jua, wakatua kutuzunguka na kuanza kusogea hatua kwa hatua. Neema alifunga macho akaendelea kuimba. Daudi alinyanyua kopo ajikinge. Mimi nilitaka kukimbia, Mungu anajua, lakini nikikimbia muziki unakatika, na muziki ukikatika besi imekwenda Bukoba. Nikabaki nimelikumbatia kasha langu. Korongo mmoja akasogea kabisa, akaligonga kwa mdomo. Ko. Akaonja. Inaonekana alipenda. Ko, ko. Mwingine naye akaja upande wa pili. Nikajikuta nawafuata, nikiweka uzi mzito katikati ya midomo yao, na Daudi alipoona vile akalipiga kopo kwa mwendo huohuo.

Sijui nani alikuwa wa kwanza kugeuka. Ninachokumbuka ni sauti za watu zinakuja, vicheko, vigelegele, watoto wanapanda mabegani mwa baba zao ili waone. Shija alibaki na kipaza sauti akitangazia nyasi. Aliacha kupiga, akavuka uwanja mzima mbio huku analia kwa hasira, na akasema kwenye kile kipaza sauti ili kila mtu asikie: "Wametumia dawa! Bibi, hawa wametumia dawa ya ndege!"

Bibi Nkwimba akaja, akamfukuza korongo kwa kanga yake, akainama akalinusa kasha. Alikaa ameinama kitambo. Aliponyooka alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Dawa hiyo naijua," alisema. "Hata mimi jana nimeila kwa ugali." Kisha akamgeukia Shija. "Bujora mtu anakuja na chatu, mwingine anakuja na fisi. Hawa wamekuja na korongo. Kosa liko wapi, mjukuu wangu? Na wewe kesho lete tembo."

Tukawa tumeshinda. Mama alicheka mpaka akakaa chini, dagaa wakamwagika, na korongo wakahamia kwake, jambo ambalo lilituokoa. "Kasha hilo silitaki tena," alipiga kelele huku anapunga kapu. "Chukua, Kabula! Liwe lako mpaka kufa!"

Nilikimbia kwa mjomba na kasha langu kichwani. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mizigo imekwisha kwenda bandarini, amebaki na besi tu. Hakuuliza. Habari zilikuwa zimeshamfikia, na kama hazikufika, harufu ilifika. Alisimama akanivisha mkanda begani, akaiweka ile nyekundu mikononi mwangu. Ilikuwa nzito kuliko nilivyowaza. Shingo yake ilikuwa ndefu, laini, baridi. Nilivuta pumzi, nikautafuta ule uzi mnene kabisa, nikauvuta kama nilivyouvuta uwanjani.

Ngwii. Sauti ya mbu.

Nikavuta tena. Mbu yuleyule. Nilimtazama mjomba, nikatazama besi, nikaona nimedanganywa na ulimwengu mzima. Miaka yote ile ya kutumwa chumvi, na kumbe ni ubao bubu! Kasha la dagaa liliishinda kwa mbali. Nililia palepale, kwa sauti, na mkanda ukiwa begani. Mjomba alicheka, kisha akaona kwamba mimi silii kwa utani, akaacha. Akanieleza kwamba besi ya umeme peke yake haina sauti, sauti iko kwenye amplifaya, na amplifaya ilikuwa imeshapakiwa melini tangu asubuhi.

Alifikiri kidogo. Kisha akaliburuta kasha langu mbele yangu, akakunja pua, akakishika kichwa cha ile besi nyekundu akakikandamiza juu ya mbao zetu zenye gundi ya sangara. "Piga," akasema.

Nikapiga. Duuu. Jamani. Sauti ilitoka ndani ya kasha, ikapita sakafuni, ikaingia kwenye nyayo zangu, ikapanda mpaka kwenye meno. Mke wa mjomba alitoka jikoni na mwiko mkononi. Vikombe vilitetemeka kabatini. Nilipiga, mjomba amekandamiza, mpaka honi ya meli ikaita bandarini, na hata hapo hakuniondolea mkanda haraka. Aliniambia, "Usisahau, Kabula. Hii yangu ni maneno tu. Mdomo ulikuwa wako." Halafu akaenda. Alioa tena huko Bukoba, akazeekea huko, akazikwa huko, na besi nyekundu sikuiona tena.

Leo nina besi yangu, ya nyuzi nne, iliyochubuka, na ninaipiga kwenye kwaya ya akina mama kila Jumapili baada ya wiki nzima ya kushona sare za shule. Sijawa mkubwa wa muziki, wala sikutaka. Mwanangu Masalu naye anapiga. Besi yake ina nyuzi tano, sijui ule wa tano ni wa nini, na mbele ya miguu yake kuna safu ya vidude vya kukanyaga vinavyowaka taa nyekundu na kijani. Anazungumza habari za toni kutwa. Anaangalia video za Mzungu anayelinganisha nyuzi na nyuzi. Akimaliza, anavaa spika za masikioni, anafumba macho, na anapiga kwa hisia zote huku nyumba nzima ikisikia ngwii, ngwii. Enzi zetu mtu akijifunza besi mtaa mzima ulijifunza naye. Sasa anapiga mtoto, anasikia mtoto, anajisifu mtoto.

Jumapili iliyopita umeme ulikatika mchana. Vidude vikazima taa zote. Masalu alikaa kitandani, besi mapajani, amenuna kama aliyefiwa.

"Basi tena," akasema. "Siwezi kufanya mazoezi."

Nilimwambia anifuate. Nilijaribu kwanza kabati lake la kisasa, lile la mbao za kusaga, likatoa sauti ya godoro. Nikampeleka chumbani kwangu, kwenye kabati la mninga aliloniachia mama, nikakishika kichwa cha besi yake nikakikandamiza mlangoni. "Vua viatu," nikamwambia. Akanitazama kama wanavyotutazama siku hizi. Akavua. "Piga."

Duuu. Akarudisha mkono haraka kama aliyeungua. Akatazama kabati, akanitazama mimi, akatazama miguu yake. "Mama. Tena," akasema, na akapiga tena, na tena. Nilifungua dirisha ili sauti itoke nje. Nilisubiri. Igogo yetu sasa ina kuta ndefu na mageti ya chuma. Bibi Nkwimba alishalala udongoni, Neema yuko Kahama, Shija nasikia ana duka la spika Igoma na anatumia kipaza sauti kuita wateja. Hakuna aliyetoka. Hakuna mtoto begani mwa baba. Korongo mmoja alipita juu ya paa akielekea ziwani, hata hakugeuza shingo, maana kabati langu linanuka sabuni.

Ndipo geti likagongwa, kwa hasira. Alikuwa kijana mpangaji wa nyumba ya pili, tunayepishana naye mwaka wa pili sasa bila kujuana majina, waya za masikioni zikining'inia shingoni.

"Shikamoo mama. Samahani, humu ndani kuna nini? Ukuta wangu unatetemeka."

"Marahaba, mwanangu," nilimwambia, nikafungua geti lote. Kisha nikageuza kichwa nikapiga kelele kuelekea dirishani: "Masalu, usiache! Tumeshamvuta mmoja!"